Kumbukumbu Kulingana Si Hoja ya Mifumo Kuwa Sawa

Sisi hukagua maombi ya wanaodai mfumo wao mpya wa kompyuta uko sawa na ule unaochukua nafasi yake. Malalamiko yamezidi: "Mbona mmeurudisha mfumo wetu, na kumbukumbu zake, yaani orodha za matendo yake, zinalingana na za ule wa zamani?" Zinalingana, ndiyo. Kumbukumbu husema kilichotendeka. Hazisemi ni lipi lililowezekana wakati ule.

Tuchukue mfano wa mashine mbili za tiketi za boti ya Pemba, pale bandari ya Malindi, Unguja. Ya kwanza ukilipa, tiketi inatoka. Ya pili ukilipa, mara itoe tiketi, mara igande palepale. Mifuatano ya matendo ni ile ile kwa zote: hakuna tendo, lipa, lipa kisha tiketi.

Sisi hupima kwa mchezo. Mshambuliaji anadai zinatofautiana, mtetezi anakana. Kila duru mshambuliaji huchagua mashine na kutenda tendo moja. Mtetezi hujibu kwa tendo la jina hilo hilo kwenye mashine ile nyingine. Anayekosa tendo ameshindwa, na mchezo usiokwisha ni wa mtetezi. Mshambuliaji ana ruhusa ya kuhama mashine kila duru, na kanuni hii ndiyo inayorukwa na wengi. Mkimfungia upande mmoja, mashine zetu hupita. Akiwa huru, analipa kwenye mbovu, inaganda. Mtetezi analipa kwenye nzima. Mshambuliaji anahamia nzima, anachukua tiketi. Mtetezi hana jibu. Duru 2 tu.

Kimantiki, sentensi "kila baada ya kulipa, tiketi yawezekana" ni kweli kwa moja, uongo kwa nyingine. Wanasayansi wa kompyuta Matthew Hennessy na Robin Milner walithibitisha kwamba, pale kila tendo linapoongoza kwenye hali chache zenye kikomo, mifumo isiyo sawa lazima itenganishwe na sentensi ya namna hii. Basi mkikataliwa, idaini sentensi hiyo.

Ombi liambatane na orodha ya hali zote za mifumo miwili, mipito yenye majina (matendo yanayotoa hali moja hadi nyingine), na jedwali la jozi za hali mnazodai ni sawa, moja ya kila mfumo, jozi ya kuanzia ikiwemo. Kila jozi hukaguliwa pande zote mbili; moja ikikosa jibu, jedwali zima limeanguka. Hatua za ndani, zile mtumiaji asizoziona, ziandikwe kando, maana kipimo kinachozipuuza huweza kupitisha mashine inayozunguka ndani bila kikomo. Jalada lisilo na jedwali hurudishwa na kupanga foleni upya. "Tulijaribu mara elfu" si kiambatisho.