Boriti za Lavenham hazikutoka kwenye meli

Ukifika Lavenham, kijiji cha Suffolk mashariki mwa Uingereza, hukosi kuambiwa kwamba boriti za nyumba zake kongwe zilitolewa kwenye meli zilizovunjwa. Ushahidi ni matundu matupu kwenye mbao, na namna zilivyopinda.

Matundu yapo kweli, ila asili yake ni nchi kavu. Mafundi walibomoa jengo, wakachukua boriti nzima na kujengea tena. Tundu lililobaki wazi ni la kiungo cha zamani, au cha ukuta uliokwisha ondolewa. Kupinda nako ni tabia ya mwaloni, mti mgumu uliotoa boriti hizi. Ulichongwa ukiwa mbichi, maana mkavu hukataa patasi, kisha ukakauka ukiwa tayari ukutani. Ndiyo maana nyumba zimeinama kama wazee wanaonong'onezana barazani.

Tena bahari iko mbali. Nani angekokota magogo hayo yote kwa mikokoteni, katika mji uliotajirika kwa biashara ya nguo za sufu?

Wahifadhi hawapendi matundu hayo yazibwe: ndiyo yanayowaonyesha mlango au dirisha la kwanza lilikuwa wapi.