Mji mkongwe ni mji gani? Kutoka Unguja hadi Kampalamukadde

Mtu wa Unguja akisikia "Mji Mkongwe" haulizi ni upi: ni vichochoro, nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, milango ya nakshi. Wa Mombasa ana Mji wa Kale, ubavuni mwa Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Nasi Kampala tuna Kampalamukadde, au Old Kampala kama ramani zinavyoandika. Mgeni anayekuja kwetu akitafuta kuta za karne nyingi huondoka akidhani tumejipa jina tusilostahili. Tunalistahili.

Mji mkongwe ni ile sehemu ambako mji ulianzia, na ambayo bado inaonyesha ulivyoanza ingawa shughuli kubwa zimehamia kwingine. Wingi wa miaka si sharti. Lamu ina karne kadhaa. Kampalamukadde ilianza Desemba 1890, Kapteni Frederick Lugard alipopiga kambi kilimani kwa niaba ya kampuni ya Waingereza, akajenga ngome inayotazamana na Mengo, alikokaa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Mwezi Januari 1892 bunduki yake ya rashasha aina ya Maxim iliwapa ushindi Waprotestanti dhidi ya Wakatoliki katika vita vya Mengo. Kuanzia 1908 ngome hiyohiyo ikahifadhi vitu vya kale, na huo ndio mwanzo wa Makumbusho ya Uganda. Ofisi za serikali zilihamia kilima cha Nakasero, kilima cha kwanza kikabaki na maduka ya Wahindi yenye baraza mbele na mabati juu. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, na nyumba zao nyingi, hapa na Jinja, zikaangukia mikononi mwa watu wasiokuwa na sababu ya kuzikarabati.

Jengo la urithi nalo lina maana yake, na hapa ndipo wengi wetu tunapopotea, kwa kuwa tumezoea kupima urithi kwa mawe. Mwaka 1882 Kabaka Muteesa wa Kwanza alijijengea kasri kwenye kilima cha Kasubi, ambako baadaye alizikwa. Mwaka uliofuata Sultani Barghash alijenga Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, Unguja. Ni majengo ya rika moja! La Unguja ni la mawe. La Kasubi, Muzibu Azaala Mpanga, ni la miti, matete na nyasi, na nyasi hazidumu. Huezekwa upya kila zinapochakaa, kazi ambayo ni jukumu la ukoo wa Ngeye, na dari lina pete 52 kwa ajili ya koo 52 za Buganda. Ukongwe wake umo katika ujuzi wa mikono hiyo. Ndiyo maana moto wa Machi 16, 2010 ulitutia simanzi kubwa lakini haukulimaliza: lilijengwa tena, na mwaka 2023 UNESCO ikayatoa makaburi ya Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Ngome ya Lugard ilikuwa na bahati nyingine. Kazi ya kujenga msikiti wa taifa, iliyoanza enzi za Amin na kukamilishwa kwa fedha za Gaddafi wa Libya, iliposhika kasi mwanzoni mwa miaka ya 2000, ngome ilibomolewa na mfano wake ukajengwa mahali pengine kilimani. Msikiti ni fahari yetu na tayari ni sehemu ya historia ya kilima. Lakini ule mfano, kwangu, si jengo la urithi. Thamani ya ngome ilikuwa pale iliposimama, na macho ya aliyekuwa ndani yakiwa juu ya Mengo. Kasubi iliungua na kurudi ikiwa Kasubi, kwa sababu mahali ni palepale na waezekaji wanajua wanachofanya. Ngome iliyohamishwa imebaki na umbo tu.

Unguja, tangu 1985 kuna mamlaka maalumu inayosimamia Mji Mkongwe wote, mtaa kwa mtaa, pamoja na nyumba ambazo hazikukaliwa na sultani yeyote. Kampalamukadde inahitaji jicho la namna hiyo: kilima kizima, na yale maduka ya baraza yaliyobaki yakiwemo, kabla wenye viwanja hawajayageuza maghorofa ya vioo.