Kwa nini treni ya mfano hunguruma kabla ya kusogea?

Siku treni ya Tabora inapojiandaa kuondoka stesheni ya Mwanza, sikiliza kichwa chake. Injini ya dizeli inapandisha sauti, inanguruma haswa, na mabehewa bado yametulia. Baada ya muda kidogo ndipo magurudumu yanaanza kuzunguka. Je, wajua kwamba treni za mfano, zile ambazo kichwa chake unakishika kwa mkono mmoja, nazo zinaweza kufanya hivyohivyo?

Tuanze na treni yenyewe. Kwenye vichwa vingi vya dizeli, injini haizungushi magurudumu moja kwa moja. Inazungusha jenereta, umeme unakwenda kwenye mota zilizofungwa kwenye ekseli, na mota ndizo zinazovuta. Kwa hiyo mngurumo unafuata uzito wa kazi. Treni yenye mzigo ikipanda mlima hulia sana huku ikienda polepole, na ikiteremka yaweza kukimbia huku sauti ya injini ikiwa imetulia kabisa. Mtengeneza mfano akifunga sauti kwenye mwendo peke yake, mtu aliyekulia kando ya reli atagundua mara moja kwamba kuna kitu hakijakaa sawa.

Ndani ya kichwa cha mfano kuna kadi ndogo ya elektroniki iitwayo dikoda, inayoendesha mota na kucheza sauti za injini zilizorekodiwa. Reli mbili zilezile zinaipelekea umeme na amri kwa pamoja: umeme unageuzwa mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde, na urefu wa kila pigo ndio herufi ya ujumbe. Pigo fupi ni la mikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde) 58 hivi, refu ni la 100 au zaidi. Kila kichwa kina namba yake, hivyo viwili vikiwa kwenye reli moja, kimoja kinapiga honi na kingine kinakaa kimya.

Sehemu inayonivutia kuliko zote ni jinsi dikoda inavyojua mzigo ni mzito. Kwa kitambo kidogo mno inaikatia mota umeme. Mota ikiwa bado inazunguka huzalisha umeme wake yenyewe, na dikoda inaupima. Ukipungua, kichwa kimeelemewa: nguvu inaongezwa, na rekodi ya injini inahamia ngazi ya juu. Ile subira ya kunguruma kwanza ni mpangilio tu. Unaweza kuirefusha au kuifupisha.

Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, vichwa vilikuwa vya mvuke, na hapo hesabu ni nyingine. Kichwa cha silinda mbili hupumua mara nne kila gurudumu linapozunguka, kwa sababu kila silinda inasukuma kwenda na kurudi. Vile vichwa vikubwa vya mvuke viitwavyo Garratt, vya Reli ya Afrika Mashariki, vilikuwa na seti mbili za magurudumu ya kuvuta chini ya boila moja. Seti hizo hazikufungwa pamoja, kwa hiyo pumzi zake zilikuwa zikioana, zikiachana, kisha zikioana tena. Dikoda nzuri huiga hata hilo.

Spika nayo ina masharti. Ni ndogo kama kitufe cha koti, na ikiachwa wazi, mawimbi ya sauti ya nyuma yanayafuta ya mbele. Lazima ifungiwe kwenye kiboksi kisichovuja. Besi nzito haitoki hata ufanyeje. Ushauri wangu ni kupunguza sauti, maana wengi huiweka juu mno, na kichwa kidogo kinachopiga kelele kinaharibu picha yote.

Baadhi ya dikoda zinakubali rekodi zako mwenyewe, na hapa watu wa Mwanza tuna bahati, kwa sababu honi halisi tunazo. Rekodi asubuhi mapema, upepo wa ziwa ukiwa umetulia, na usimame mbali na njia ya treni. Honi uliyonasa uikate vipande vitatu: mwanzo, katikati na mwisho. Kipande cha katikati kitarudiwarudiwa kadiri kidole kinavyokaa kwenye kitufe. Ukikiachia, mwisho unaingia. Kwa hiyo chagua katikati ambapo sauti haipandi wala kushuka, la sivyo kila mrudio utasikika kama kwikwi.