Je, wajua kwa nini ukikaa kimya usikilize pumzi ndo akili inazidi kuzurura?

Umeshawahi kufumba macho ukasema leo nasikiliza pumzi yangu tu, hata dakika haijaisha uko kwenye madeni, mara maneno uliyoambiwa juzi, mara kesho itakuaje? Wengi wakifika hapo wanasema meditesheni siiwezi, wanaacha, na mi inaniuma manake wameacha palepale kazi ilipokua inaanza.

Iko hivi. Ubongo haulali eti kwa sababu umekaa bure, unakula kama asilimia 20 ya nguvu za mwili hata ukiwa umetulia, na mwaka 2001 mtafiti wa ubongo Marcus Raichle na wenzake huko Marekani walieleza kuna sehemu za ubongo zinazochangamka zaidi pale mtu asipokua na kazi maalum. Hizo ndo zinakurudisha jana, zinakupeleka kesho, zinakuuliza watu wanakuonaje. Bila hizo usingeweza kupanga maisha, ila zinatawala mno: 2010 watafiti wa chuo kikuu cha Harvard waliwauliza watu zaidi ya 2,000 kupitia simu, muda wowote tu, sa hizi unafanya nini, unawaza nini, unajisikiaje, wakakuta karibu nusu ya muda akili haiko kwenye kinachofanyika, na ikizurura furaha inapungua.

Sasa kwenye meditesheni unaiweka akili kwenye pumzi, inatoroka, unashtuka, unairudisha taratibu bila kujigombeza. Huko kushtuka ndo zoezi lenyewe! Ikitoroka mara mia ukairudisha mara mia, hujafeli hata kidogo. Na 2011 mtafiti Judson Brewer na wenzake wa chuo kikuu cha Yale walipiga picha za ubongo za watu waliozoea kutafakari wakakuta zile sehemu za kuzurura zimetulia kuliko za wanaoanza.

Ila kuna stori inazunguka kwamba wiki 8 za meditesheni zinakuza ubongo, hiyo mi naomba tuipunguze kasi. Watafiti wa chuo kikuu cha Wisconsin huko Marekani walijaribu kuipima upya kwa watu zaidi ya 200, wakatoa majibu 2022, umbo la ubongo halikubadilika. Kinachobadilika ni unavyojisikia, na hicho ndo tunakitafuta: mwaka huohuo majibu ya utafiti mwingine yalitoka, watu 276 wenye ugonjwa wa wasiwasi, wengine walipewa dawa ya escitalopram, wengine wakasoma kozi ya meditesheni ya wiki 8 aliyoianzisha Mmarekani Jon Kabat-Zinn mwaka 1979, na nafuu ikakaribiana kabisa. Lakini hao wa kozi waliambiwa wafanye dakika 45 kila siku nyumbani, ko kama upo kwenye dawa usiziache bila daktari wako eti umeanza kupumua vizuri.

Na kuna watu, hasa waliopitia mambo mazito, wakifumba macho ndo kumbukumbu zinawavamia. Hao wasilazimishe, waache macho wazi wasikilizie nyayo zinavyogusa sakafu, au wafanye wakiwa na mtaalamu pembeni.