Kadimiamu haiozi: wakulima wa bonde la Jinzu walivyoyarudisha majaruba yao

Swali ninaloulizwa kuliko yote tangu nianze kazi hii ya kusafisha udongo wenye sumu ni hili: kwani hamwezi kuuchimba huo udongo mbaya mkautupa? Na mimi nauliza, mtautupa wapi, maana popote mtakapoupeleka kuna mtu anaishi chini yake, kuna kisima, kuna mto, na ile sumu iko palepale kama ilivyokuwa jana.

Hapa ndo watu wengi wanachanganya. Dizeli ikimwagika shambani, bakteria wataila polepole, wape tu hewa na muda. Dawa nyingi za wadudu nazo mwisho wake huvunjika. Lakini kadimiamu ni metali yenye sumu, na ni elementi, haivunjiki ikawa kitu kingine, haiozi, jua haliiunguzi, babu yako aliiacha shambani na mjukuu wako ataikuta. Kwa hiyo tukisema "kusafisha" ardhi yenye metali tunamaanisha mambo matatu tu: uihamishe, uifunike, au uifunge humohumo ardhini ili mmea usiifikie. Basi, hakuna la nne linalofaa kwa eneo kubwa. Wanasema kuna mimea inayonyonya metali, ni kweli ipo, na Japani wenyewe wameijaribu hadi kwa aina fulani za mpunga, ila kwa udongo uliochafuka sana utangoja misimu na misimu, na mimea yenyewe ukishaivuna inabaki kuwa taka yenye sumu inayotaka mahali pa kwenda.

Mfano ninaopenda kuutoa ni bonde la mto Jinzu, mkoa wa Toyama, Japani. Naupenda kwa sababu sio hadithi ya serikali kuja na mitambo, ni hadithi ya wakulima wa mpunga walioshikilia jambo lao kwa zaidi ya miaka 40.

Juu ya ule mto, milimani upande wa mkoa wa Gifu, kulikuwa na mgodi wa Kamioka wa kampuni ya Mitsui, mgodi wa zinki na risasi. Madini ya zinki huwa hayaji peke yake, kadimiamu inakuwemo humo ndani, na zamani ilikuwa haina soko kubwa kwa hiyo ilikwenda na taka. Walivyoanza kusaga mawe kuwa unga laini kabisa ili wapate zinki nyingi zaidi, ule unga uliobaki ukawa mwepesi wa kubebwa na maji, ukashuka na mto mpaka tambarare, na huko chini wakulima walikuwa wanafungulia mifereji kama baba zao walivyofanya na kuyaingiza yale maji kwenye majaruba. Kila msimu tope kidogo, kila msimu tope kidogo. Ukipima majaruba ya namna hiyo unakuta sumu imezidi pale kwenye mlango wa maji, kwa sababu maji yakiingia jarubani yanapunguza mwendo na kutua mzigo wake hapohapo. Ndo maana mtu akiniletea sampuli moja tu ya shamba zima namrudisha, nataka ya mlangoni, ya katikati na ya kule maji yanakotokea, kila moja na alama yake.

Walioumia zaidi walikuwa wanawake wa makamo na wazee, wengi wao wameshazaa watoto kadhaa. Kadimiamu ikiingia mwilini inakaa kwenye figo, na haitoki kirahisi, inachukua miaka kumi, ishirini na zaidi kupungua nusu yake. Figo zikiharibika zinaanza kupoteza fosfeti na kalisi kwenye mkojo, mifupa inalainika, inafika mahali mtu akikohoa tu mbavu zinavunjika. Wagonjwa walikuwa wakilia itai, itai, yaani inauma, inauma, na ugonjwa ukachukua jina hilo. Daktari wa hapohapo kijijini, Noboru Hagino, alishuku mgodi mapema, na mwaka 1961 yeye na mtaalamu mmoja wa kilimo walisema wazi kwamba chanzo ni kadimiamu, wengi hawakuwaamini. Na kijijini kwenyewe watu walinyamaza, nawaelewa kabisa, ukisema bonde letu lina sumu nani atanunua mchele wako, nani ataoza binti kwenye nyumba yako?

Mwaka 1968 wagonjwa na wakulima wakaifungulia kampuni kesi. Mwaka huohuo serikali ikakubali kuwa kadimiamu ya Kamioka ndiyo chanzo, ukawa ugonjwa wa kwanza Japani kutambuliwa rasmi kuwa umeletwa na uchafuzi. Wakashinda 1971, kampuni ikakata rufaa, wakashinda tena Agosti 1972.

Sasa sikiliza sehemu ambayo mimi kila nikiisimulia nasisimka. Siku iliyofuata baada ya hukumu ya rufaa wale wakulima hawakurudi nyumbani kupumzika, walikwenda mpaka makao makuu ya kampuni Tokyo, wakatoka huko na maandishi matatu. Moja la fidia kwa wagonjwa, moja la fidia ya mashamba na gharama za kuyasafisha, na la tatu ndo lenye uzito kuliko yote machoni pangu mimi mtu wa udongo: wakazi wana haki ya kuingia mgodini wakati wowote wanaoona inafaa, waingie na wataalamu wao wanaowachagua wenyewe, waonyeshwe nyaraka, na gharama ilipwe na kampuni.

Kwa nini nasema hilo ndo zito? Kwa sababu nimeona kazi zikiharibika kwa kusahau hilo tu. Watu wanaleta katapila, wanakwangua shamba, wanaleta udongo mpya, wanapiga picha, halafu kule juu bomba bado linatiririka na ndani ya misimu michache udongo mpya nao umeshachafuka. Huwezi kupiga deki huku bomba linavuja. Wakazi wa Jinzu walianza na bomba. Tangu 1972 wamekuwa wakipanda Kamioka kila mwaka na maprofesa wao, wakaangalia mabwawa ya taka, mitaro, maji yanayovuja kwenye mahandaki ya zamani, wakadai kirekebishwe hiki na kile, mpaka kadimiamu ya mtoni ikashuka karibu na kiwango cha asili.

Mashamba yenyewe yalianza kushughulikiwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na kazi ikaisha Machi 2012. Hekta 863, yen bilioni 40 na ushee. Namna ya kazi ilikuwa hivi, udongo wa juu wenye sumu unakwanguliwa na kuzikwa kwenye handaki hapohapo shambani, juu yake wanashindilia tabaka gumu ili maji yasizame na mizizi isiende chini, halafu juu kabisa udongo safi uliotolewa milimani. Mahali pengine walifunika tu bila kuzika. Yaani sumu iko bado, iko chini, na mkulima lazima ajue iko kina gani, asije siku moja akapitisha jembe refu au kuchimba mtaro mpya akaipandisha tena. Ramani ya vina ni mali ya kijiji kama ilivyo hati ya shamba, itunzwe.

Na ule udongo wa mlimani ni safi, ndio, ila una njaa. Hauna mboji, hauna naitrojeni ya kutosha, mpunga wa kwanza unatoka dhaifu na mkulima anavunjika moyo. Unahitaji samadi na miaka.

Kuna jambo moja zaidi la kitaalamu ambalo kwenye mpunga linasaidia sana. Jaruba likiwa limejaa maji, hewa inaisha ardhini na kadimiamu inashikana na salfa, inatulia, mizizi haiipati. Ukikausha mapema kabla ya mavuno, hewa inaingia, kadimiamu inafunguka, na mpunga unainyonya palepale wakati punje zinajaa. Kwa hiyo kwenye ardhi ya wasiwasi unaacha maji yakae jarubani wakati wa kutoa masuke na wiki chache baadaye, na unatia chokaa uchachu wa udongo upungue. Tahadhari tu, maji mengi muda mrefu yanafungua aseniki, sumu nyingine ya ardhini, kwa hiyo shamba lenye vyote viwili pima punje zenyewe, usibahatishe.

Desemba 2013 kampuni iliomba radhi rasmi na makubaliano ya mwisho yakasainiwa. Mtu angedhani hapo mafaili yanafungwa, lakini taka za miaka mingi bado ziko kule juu kwenye mabwawa, na mvua kubwa au tetemeko haliulizi nani amesaini nini. Wakazi wameendelea kupanda mlima kukagua, na kizazi ambacho hakikuwahi kumsikia bibi akilia itai, itai, ndicho sasa kinafundishwa wapi pa kuchotea maji ya kupima.