Mkunga Mstaafu Anaporudi Wodini

Nchini Tanzania, mkunga aliyeajiriwa serikalini huweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akifikisha 60. Wengi huondoka wakiwa bado na nguvu. Wanaotuuliza kama wanaweza kurudi kujitolea tunawajibu: njooni, tunawahitaji mno. Ila anzeni kama walezi wa wakunga vijana.

Tunasema hivyo kwa sababu kazi imebadilika. Zamani tulikadiria kwa macho damu anayopoteza mama baada ya kujifungua, na macho yalitudanganya: damu iliyolowa kwenye khanga na shuka huonekana kidogo kuliko ilivyo. Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2023, ulitumia mfuko wenye alama za vipimo uliowekwa chini ya mama. Damu ikizidi, mfuko wa uzazi unakandwa, oksitosini (dawa ya kukaza mfuko wa uzazi), asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu kuganda) na dripu vinatolewa, na mama anachunguzwa chanzo cha damu, yote kwa pamoja bila kusubiri kimoja kishindwe ndipo kingine kianze. Idadi ya akina mama waliopoteza lita moja au zaidi, waliopasuliwa tumbo kuzuia damu au waliofariki kwa kuvuja damu ilipungua kwa asilimia 60. Mkunga aliyestaafu kabla ya hapo hana budi kujifunza upya, na hilo si aibu.

Kuna yasiyochakaa. Nimemwona mstaafu akiweka kiganja juu ya tumbo la mama, akanyamaza, kisha akamwambia binti aliyekuwa zamu, "Weka na wewe, usikilize uchungu unavyokuja." Binti yule alikuwa na cheti kizuri, lakini hakuwahi kufundishwa kusubiri. Ujuzi wa namna hiyo ukienda nyumbani na mwenyewe, wodi inabaki maskini.

Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 haimruhusu mtu kutoa huduma bila leseni hai, hata kama halipwi. Kwa hiyo anzia Baraza la Uuguzi na Ukunga, ndipo uende kwa mganga mfawidhi wa kituo. Omba makubaliano ya maandishi: utafanya nini, chini ya nani, na nauli italipwa na nani. Asubuhi mbili kwa wiki zinatosha kuanzia. Zamu za usiku waachie vijana, labda wakupigie simu wakikwama.