Acheni Kutafuta Dueti: Dhana Potofu Kuhusu Lahani Rahisi za Jadi kwa Mandolini Mbili

"Mwalimu, tumetafuta wiki nzima, hatujapata dueti rahisi ya mandolini."

Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi mno. Safari hii aliyeniletea ni baba anayejifunza pamoja na binti yake wa miaka tisa. Simu yake ilikuwa imejaa lahani za jadi, nyingi zikiwafaa kabisa wanaoanza, na zote alikuwa ameziweka kando kwa sababu moja: zina mstari mmoja tu wa noti. Yeye alitaka zenye mistari miwili, mmoja wake na mmoja wa mtoto. Binti alikaa kimya, mandolini mapajani. Wiki nzima hawakuwa wamepiga hata noti moja pamoja.

Dhana hiyo ndiyo inayonisikitisha kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo zaidi.

"Kama sauti ya pili haijaandikwa, si dueti"

Muziki wa jadi haukuhifadhiwa hivyo. John Playford alipochapisha The English Dancing Master huko London mwaka 1651, kila dansi aliiwekea mstari mmoja wa lahani. Francis O'Neill, aliyekuwa mkuu wa polisi wa Chicago, alichapisha lahani 1,850 za Ireland mwaka 1903, nazo pia ni mstari mmoja mmoja. Wakusanyaji hawa hawakusahau sauti ya pili. Walijua wapigaji wataizua wenyewe, au watapiga wote lahani ileile, kama Waayalandi wanavyofanya hadi leo: fidla, filimbi na mandolini, wote juu ya mstari mmoja. Anayesubiri mistari miwili ichapishwe anasubiri kitu ambacho mila yenyewe haikuwahi kukihitaji.

Basi anzeni kwa kupiga noti zilezile, pamoja. Hiyo tayari ni dueti, na wala si ya kudharauliwa. Mandolini ina nyuzi nane katika jozi nne, kwa hiyo mkipiga noti moja watu wawili, nyuzi nne zinalia kwa mpigo. Mmoja akichelewa kidogo tu, wote mnasikia. Wanafamilia wengi mimi huwaweka hapo wiki mbili nzima kabla ya kuwaruhusu kitu kingine, na kila anayenung'unika namwambia asubiri: masikio yanayojengeka hapo ndiyo yatakayobeba yote yanayofuata.

Baada ya hapo, sauti ya pili tayari mnayo mikononi. Mandolini hutuniwa G, D, A, E kutoka chini kwenda juu, na kila jozi iko juu ya iliyotangulia kwa noti tano, ukihesabu ile unayoanzia. Maana yake ni kwamba jozi mbili zozote zinazopakana, zikipigwa bila kubonyezwa, zinatoa do na so, yaani noti ya kwanza na ya tano ya skeli, ile ngazi ya do-re-mi. Lahani ikiwa katika ufunguo wa D, yaani do yake ni D, mwenzako apige D na A. Ikiwa G, apige G na D. Ikiwa A, apige A na E. Hakuna kidole hata kimoja cha mkono wa kushoto kinachohitajika. Mtoto aliyeshika mandolini leo asubuhi anaweza kumvumishia mama yake lahani jioni hiyohiyo, na sauti inayotoka ni ileile ya kale ya zumari za mifuko, ambako sauti moja inavuma chini bila kukoma huku lahani ikitembea juu yake. Sijui kwa nini hili halisemwi kwenye somo la kwanza la kila mwanafunzi.

Mvumo huo ukishazoeleka, ongezeni kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Kodi ya G inahitaji vidole viwili: freti ya pili (freti ni zile fito za chuma shingoni, zikihesabiwa kutoka kichwani) kwenye jozi ya A na ya tatu kwenye jozi ya E. C ni viwili: ya pili kwenye D, ya tatu kwenye A. D ni viwili pia: ya pili kwenye G na ya pili kwenye E. Kwa kodi hizo tatu mnasindikiza lahani chungu nzima zilizo katika ufunguo wa G.

Kisha inakuja ile iliyokuwa ikitafutwa na yule baba: sauti inayoifuata lahani hatua kwa hatua. Kanuni yake ni fupi. Kila noti ya lahani, shuka hadi ya tatu chini yake, ukihesabu na ile unayoanzia: so inapata mi, mi inapata do. Tahadhari ni moja tu, na ndiyo inayowakwamisha wengi. Lahani ikitua kwenye do, ukishuka hivyo unaangukia la, na wimbo unakuwa kama umekatwa njiani. Pale tumia so ya chini au mi ya chini. Kaeni chini ya lahani, msiende juu yake, kwa sababu sikio hushika sauti ya juu na kuidhani ndiyo wimbo. Andikeni kwa penseli, mjaribu, mfute. Saa moja ya kazi hiyo itawapa dueti yenu wenyewe.

Kuna njia nyingine ambayo watu huisahau: kufukuzana. Frère Jacques ya Wafaransa huimbwa hivyo. Mmoja anaanza, wa pili anaingia baada ya vipimo viwili (kipimo ni kile kipande kati ya mistari miwili ya wima kwenye karatasi) na kupiga noti zilezile tangu mwanzo. Mstari mmoja umeandikwa, sauti mbili zinasikika. Ipigeni katika D, maana ile so ya chini karibu na mwisho inapatikana kwenye freti ya pili ya jozi ya G. Mkianza G ya chini kabisa, hamtakuwa na noti hiyo.

"Wimbo wa polepole ndio rahisi"

Kwa mwimbaji, huenda. Kwa fidla yenye upinde, huenda pia. Kwa mandolini ni kinyume kabisa. Noti ya mandolini hufifia upesi ikishapigwa. Wimbo wenye noti ndefu unaacha mashimo, na dawa ya mashimo hayo ni tremolo: piki, kile kibanzi cha kupigia nyuzi, inayokwenda chini na juu haraka na kwa usawa, mkono ukiwa umelegea. Tremolo safi inachukua miezi mingi kuijenga. Halafu tremolo mbili kwa pamoja, za watu wawili wanaoanza!

Ndiyo maana familia nyingi hukimbilia Amazing Grace na kuvunjika moyo. Lahani yake ina noti tano tu za skeli, mpangilio mzuri sana kwa sauti ya pili, lakini karibu kila kishazi kinaishia kwenye noti ndefu. Wanaipiga kwa usahihi, kisha wananiuliza mbona inasikika tupu. Hawajakosea kitu. Wamechagua kipande ambacho chombo chao bado hakijaweza kukijaza.

Chagueni dansi. Polka za Kerry huko Ireland zina mapigo mawili, ni fupi, na noti zake zinafuatana kwa karibu kiasi kwamba hakuna nafasi ya kufifia. Zipigeni taratibu mtakavyo. Kasi mnaichagua nyinyi, lakini noti zitaendelea kujaza nafasi. Jigi, dansi za noti tatutatu, ziacheni kwanza, kwa sababu piki yake inataka chini-juu-chini, chini-juu-chini, na mkono uliozoea chini-juu utapotea.

Kupima urahisi mimi nina njia yangu, na siibadilishi kwa mtu. Hesabuni vipimo visivyofanana. Lahani nyingi za dansi zina sehemu mbili za vipimo vinane, kila moja ikirudiwa, jumla 32 masikioni. Lakini ukitazama karatasi kwa makini, mara nyingi kati ya vile kumi na sita vilivyoandikwa, sita au saba tu ndivyo vipya, vingine vinajirudia. Yenye sita ni rahisi hata ikionekana nyeusi kwa noti. Yenye kumi na nne si rahisi hata ikionekana nyeupe. Kisha angalieni noti ya juu kabisa. Ikivuka A iliyo kwenye freti ya tano ya jozi ya E, kidole kidogo kinaitwa kazini au mkono unahama, na kwa mtoto hilo lisubiri. Mwisho, kodi: mbili au tatu, basi.

Angeline the Baker, lahani ya Marekani iliyotokana na wimbo wa mtunzi Stephen Foster wa mwaka 1850, inapita mtihani huo vizuri: ufunguo wa D, kodi mbili tu, D na G. Boil Them Cabbage Down katika ufunguo wa A ni nyepesi zaidi, kwa sababu umbo lake sahili kabisa linakaa lote kwenye jozi moja ya A: freti ya nne, ya tano, ya pili, na uzi usiobonyezwa.

"Tuanze na C, haina shapu wala flati"

Hiyo ni hekima ya piano, ambako shapu na flati, yaani noti zilizopandishwa au kushushwa nusu hatua, huangukia zaidi vibao vyeusi. Vidole vya mandolini havijali vibao vyeusi na vyeupe, vinajali nyuzi zisizobonyezwa. Skeli ya D inaanza kwenye jozi ya D: bila kidole, freti ya pili, ya nne, ya tano. Unahamia jozi ya A na kurudia yaleyale. Skeli ya G ni umbo hilohilo kwenye jozi za G na D, na skeli ya A ni umbo hilohilo kwenye jozi za A na E. Umbo moja, funguo tatu. Katika C, do inaanza kwenye freti ya tano ya jozi ya G, na kwenye jozi za D na A kidole kinashuka hadi freti ya tatu. Si kitu kigumu kwa mtu wa mwezi wa nne, lakini wa wiki ya kwanza msimpe. Mkipata lahani nzuri iliyoandikwa katika C, ihamisheni kwenda D. Kila noti inapanda freti mbili.

Mengine nayasema kwa haraka, maana hayana mjadala mrefu.

Si lazima wote wawili wawe kiwango kimoja. Dueti ya familia karibu kila mara ni ya mtu anayejua na mtu asiyejua, na ule mvumo wa do na so upo kwa ajili hiyo hasa.

Si lazima kitabu kiseme "mandolini" kwenye jalada. Fidla inatuniwa G, D, A, E vilevile, kwa hiyo lahani yoyote ya fidla ni yenu, pamoja na dueti za fidla za wanaoanza kwa wanaotaka mistari miwili iliyochapwa. Rukeni tu zile zenye noti ndefu za upinde, kwa sababu niliyokwisha kuitaja.

Tabo, maandishi yanayoonyesha namba za freti badala ya noti, si udanganyifu. Lakini tabo haisemi vizuri noti inadumu muda gani, na watu wawili wanaosoma tabo wasiyowahi kuisikia watapiga nyimbo mbili tofauti. Imbeni lahani kwanza, wote wawili, kwa "la la la", hadi mwimbe bila kutazama. Hapo ndipo mshike piki. Hili siliachi kwa mwanafunzi yeyote.

Na udogo wa chombo hauifanyi mandolini kuwa nyepesi kwa mtoto. Nyuzi ni za chuma, zimekazwa sana, na ziko mbilimbili. Vidole vikiuma, ondoeni uzi mmoja katika kila jozi. Mtoto apige nyuzi nne kwa miezi michache. Lahani hazibadiliki, na zile zingine mtazirudisha baadaye.

Yule baba na binti yake waliondoka na Boil Them Cabbage Down. Binti alichukua lahani, baba akachukua A na E zisizobonyezwa. Niliwaomba wabadilishane zamu kila wakimaliza mzunguko mmoja, bila kusimama katikati, na wiki ijayo nitawaongezea kodi ya D.